Kosheri ni nini: mwongozo kamili wa chakula cha Kiyahudi, kuanzia machinjioni hadi mezani

Chukua sahani ya pilau ya kawaida. Nyama ya ng'ombe imetoka buchani, imechinjwa kwa bismillahi, vitunguu vimekaangwa kwa samli, na pembeni kuna kachumbari na bakuli la mtindi. Hakuna nguruwe hapo, hakuna pombe, na jiko ni safi. Bado Myahudi anayeshika sheria za chakula hataigusa, na sababu zake ni tano: mtu aliyechinja, damu iliyobaki ndani ya nyama, samli na mtindi vilivyokutana na nyama hiyo, sufuria iliyopikiwa, na mkono uliowasha moto. Mwongozo huu unazipitia moja moja kwa mpishi, mwenye hoteli, mfanyabiashara wa vyakula au yeyote atakayempokea mgeni wa namna hiyo.

Neno kasher la Kiebrania maana yake ni "kinachofaa". Kwenye pakiti huandikwa kosher, nasi tutasema kosheri. Kinyume chake ni trefa, neno lililoanzia kwa mnyama aliyeraruliwa porini (Kutoka 22), kisha likatanuka hadi kuwa jina la kila kisichofaa. Mkusanyiko wa sheria zenyewe huitwa kashruti. Mizizi yake imo katika Torati, hasa Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14, na marabi, yaani walimu wa sheria za Kiyahudi, wameifafanua kwa karne nyingi katika Talmudi, mkusanyiko wa mijadala yao, na vitabu vilivyofuata.

Kuna dhana mbili za kuondoa kwanza. Ya kwanza ni kwamba rabi hubariki chakula kikawa kosheri. Hapana. Rabi hukagua tu, wala hakuna dua inayoweza kumhalalisha kamba. Ya pili ni kwamba hizi ni kanuni za usafi za watu wa kale. Torati yenyewe inataja utakatifu, haitaji magonjwa. Mpishi anayedhani jambo hili ni usafi ataosha kisu kwa sabuni na maji ya moto, aamini kazi imekwisha, na hapo ndipo atakapoharibu.

Kiumbe chenyewe

Mnyama wa nchi kavu lazima awe na alama mbili kwa pamoja: kwato iliyopasuka kabisa na kucheua. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, swala na nyati wanazo. Torati inawataja kwa majina wanne wenye alama moja tu: ngamia, pimbi (Biblia ya Kiswahili humwita wibari), sungura na nguruwe. Nguruwe ana kwato iliyopasuka lakini hacheui. Kwa hiyo nguruwe hana uharamu wa pekee kuliko sungura. Wote wawili wamekosa sharti moja.

Twiga ana alama zote mbili. Watu husema haliwi kwa sababu hajulikani achinjwe wapi kwenye shingo ile ndefu. Ni hadithi tu, kwani shingo ndefu hurahisisha. Haliwi kwa sababu hakuna anayemfuga kwa nyama, na sheria za uhifadhi zinamlinda. Kwa mgeni wa safari kuna jambo zito zaidi: swala aliyepigwa risasi si kosheri hata kama kwato zake hazina kasoro, kwa kuwa hakuchinjwa.

Samaki anahitaji mapezi na magamba, na gamba lazima libanduke bila kuchana ngozi. Likwangue kwa kucha: likitoka na ngozi ikabaki nzima, anafaa. Changu, nguru, kolekole, jodari, sato na sangara wanafaa. Papa hafai, kwa kuwa vijino vya ngozi yake havitoki bila kuichana. Taa, mkunga na kambare hawafai pia, na pweza, ngisi, kaa, kamba na chaza hata hawaulizwi. Dagaa wa Ziwa Victoria ana magamba, ila fungu la sokoni mara nyingi huchanganyika na vikamba vidogo, hivyo ama huchambuliwa mmoja mmoja ama huachwa.

Kosa la kawaida ni kununua minofu iliyokwisha kuchunwa ngozi. Hapo alama imepotea, na neno la muuzaji halitoshi. Nunua samaki mzima mwenye magamba, akatwe kwa kisu kipya ulichokuja nacho, maana kisu cha muuza samaki kimetoka kumkata kambare dakika mbili zilizopita. Samaki hahitaji kuchinjwa wala kutiwa chumvi ya kutoa damu, na ndiyo sababu ndiye kimbilio la mpishi asiye na nyama ya kosheri.

Ndege hawana alama. Torati imeorodhesha waliokatazwa, mbuni akiwa mmoja wao, na wanaoliwa ni wale ambao jamii ina mapokeo ya kuwala: kuku, bata, bata bukini, bata mzinga na njiwa. Wadudu wamekatazwa, isipokuwa aina chache za nzige ambazo Wayahudi wa Yemen walihifadhi mapokeo yake. Usimwandalie mgeni senene wala kumbikumbi. Asali inaruhusiwa ingawa nyuki haliwi, kwa sababu nyuki huibeba na kuigeuza tu, haitoki mwilini mwake kama maziwa yanavyotoka kwa ng'ombe. Mayai yanafuata ndege wake. Lipasue kila yai peke yake kwenye glasi, na ukiona tone la damu, tupa yai zima.

Kuchinja

Mchinjaji huitwa shoheti. Amesomea kazi hii, amepimwa na marabi, na anajulikana kwa kushika dini. Kisu chake hakina ncha. Makali yamenyooka na urefu wake ni kama mara mbili ya upana wa shingo. Kabla na baada ya kila mnyama hupitisha makali kwenye ukucha na kwenye nyama ya kidole, mbele na nyuma, akitafuta pengo. Pengo dogo kiasi cha kukwamisha ukucha linatosha kuharibu, na likionekana baada ya kuchinja, mnyama huyo hafai.

Mkato hupita kwenye njia ya hewa na umio. Kwa mnyama, sehemu kubwa ya zote mbili lazima ikatwe. Kwa ndege, angalau sehemu kubwa ya moja. Mambo matano hubatilisha: kusita katikati, kukandamiza kisu badala ya kukivuta, kukificha kisu chini ya ngozi au manyoya, kukata juu au chini ya sehemu iliyowekwa, na kurarua badala ya kukata. Kumpiga mnyama shoti ya umeme au risasi ya kichwa kabla ya kuchinja hakukubaliki. Damu ya ndege na ya mnyama wa porini hufunikwa kwa udongo. Ya ng'ombe, mbuzi na kondoo haifunikwi.

Kisha mnyama hukaguliwa ndani, hasa mapafu. Mkaguzi huingiza mkono na kupapasa kama kuna utando uliogandisha pafu kwenye mbavu au pafu kwa pafu. Penye shaka, pafu hujazwa hewa na kuzamishwa majini, na viputo vikitoka kuna tundu, mnyama ni trefa. Pafu laini lisilo na utando huitwa glati kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, na neno hilo sasa limegeuka kuwa jina la daraja la juu la nyama.

Hata mnyama aliyepita hayo yote haliwi mzima. Shahamu ya kwenye figo na tumbo hutolewa, vilevile mshipa mkubwa wa paja, kwa kukumbuka Yakobo aliyeteguka paja akishindana mweleka (Mwanzo 32). Kuutoa mshipa huo ni kazi ya fundi na ya saa nyingi, kwa hiyo Ulaya na Marekani sehemu ya nyuma mara nyingi huuzwa kwa wateja wasio Wayahudi. Ndiyo moja ya sababu za bei ya nyama ya kosheri kuwa juu.

Hapa ndipo halali na kosheri hutengana. Qur'ani 5:5 inamruhusu Mwislamu chakula cha watu waliopewa Kitabu, na Waislamu wengi huchukulia nyama ya Kiyahudi kuwa inafaa. Mlango haufunguki upande wa pili: nyama ya halali si kosheri, kwa kuwa haikuchinjwa na shoheti, mapafu hayakukaguliwa hivyo na mshipa haukutolewa. Mwislamu naye asiichukulie kila chapa ya kosheri kuwa ni halali, maana mvinyo wa kosheri una kilevi kamili.

Kutoa damu: saa moja na nusu isiyo na mkato

Siku hizi bucha ya kosheri hufanya kazi hii kabla ya kuuza. Panapochinjwa wenyewe, kama kwa Abayudaya walio karibu na Mbale, Uganda, jamii iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919, lazima mtu aijue.

1. Anza kabla ya saa 72 tangu kuchinjwa. Zikipita bila nyama kuloweshwa, damu huhesabiwa kuwa imeganda ndani, na njia inayobaki ni kuichoma kwenye moto wa wazi.

2. Osha damu ya juu, kisha lowesha nyama nusu saa katika maji yasiyo ya moto wala ya barafu, izame yote. Nyama iliyoganda iyeyuke kwanza. Usiisahau kwenye beseni: ikilala majini saa 24 huhesabiwa kama imepikwa pamoja na damu yake, na hutupwa.

3. Itoe ijichuje dakika chache. Ikiwa chepechepe chumvi itayeyuka. Ikikauka kabisa chumvi haitashika.

4. Paka chumvi ya mawe pande zote. Chumvi laini ya mezani huyeyuka kabla ya kuvuta damu, na mawe makubwa mno hudondoka. Kuku apasuliwe, atiwe na ndani pia.

5. Ilaze kwenye ubao ulioinama au wenye matundu kwa saa moja, sehemu yenye shimo ikitazama chini ili damu isituame.

6. Osha mara tatu kwa maji baridi, ukigeuza kila upande.

Nyama ya kusaga hutiwa chumvi kabla ya kusagwa. Ile "chumvi ya kosheri" ya madukani ilipata jina lake kwa kazi hii tu. Haina ukosheri wa ziada kuliko chumvi nyingine.

Kuku ndiye anayeharibika zaidi kwetu. Tumezoea kumtumbukiza kwenye maji ya moto ili anyonyoke upesi. Kwa kosheri hilo ni kosa, kwa sababu joto huivisha damu ndani kabla chumvi haijaivuta. Hunyonyolewa mkavu au kwa maji baridi, na wapishi wenye haraka hawaipendi kazi hiyo hata kidogo.

Maini yana damu nyingi mno, chumvi haitoshi. Yakate mikato inayopishana, yaoshe, nyunyiza chumvi kidogo, yaweke juu ya waya kwenye moto wa wazi huku mikato ikitazama chini. Yachome hadi nje pakauke na rangi ibadilike, kisha yaoshe. Kuyakaanga hakutoshi, kwani damu hubaki kwenye kikaango. Waya huo utengewe maini peke yake.

Nyama na maziwa

"Usimtokose mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye" limeandikwa mara tatu katika Torati: Kutoka 23 na 34, na Kumbukumbu 14. Marabi wakatoa makatazo matatu: usipike nyama na maziwa pamoja, usile, wala usinufaike. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa maziwa huwezi hata kumpa mbwa wako. Kuku aliongezwa na marabi ili watu wasichanganyikiwe.

Vyakula hugawanyika makundi matatu: vya nyama, vya maziwa, na visivyo upande wowote, ambavyo huitwa pareve: mayai, samaki, nafaka, mboga, matunda. Pareve huliwa na upande wowote, isipokuwa samaki hapikwi wala haliwi katika sahani moja na nyama.

Baada ya kula nyama husubiriwa saa 6 kabla ya maziwa kwa Wayahudi wengi; wenye asili ya Ujerumani husubiri 3, wa Uholanzi 1. Muulize mgeni wako, usimchagulie. Kutoka maziwa kwenda nyama ni rahisi zaidi: suuza kinywa, kula kitu kikavu, nawa mikono, na wengine husubiri nusu saa. Jibini gumu lililokaa miezi 6 au zaidi wengi huliwekea muda kama wa nyama.

Samli ni maziwa. Siagi ni maziwa. Mpishi wa pwani husahau la kwanza kwa sababu samli haifanani na maziwa wala haina harufu yake. Biriani iliyolowekwa kwenye mtindi haina namna ya kuokolewa. Lakini pwani ina dawa ambayo jikoni za Ulaya hazina: tui la nazi, ambalo ni pareve. Kuku wa kupaka kwa tui, kama kuku ni wa kosheri, ni chakula cha nyama kisicho na kasoro. Mbuzi wa kukunia nazi hana mama. Ila angalia tui la unga la pakiti, kwani mengi yana protini ya maziwa iitwayo kaseini ili yasigandane. Kuna pia desturi ya kuweka kitu kinachoonyesha asili ya "maziwa" ya mmea pembeni ya nyama ili mtazamaji asidhani vibaya; weka kifuu au kipande cha nazi mezani.

Mkate wa kila siku haukandwi kwa maziwa, kwa hofu ya kuliwa na nyama bila kujua, isipokuwa umbo lake liwe la kipekee au uwe kidogo tu. Kama una mandazi ya maziwa, sema kabla hayajafika mezani.

Vyombo huwa seti mbili: sufuria, visu, miko, sahani, sponji. Jikoni nyingi huweka rangi, nyekundu kwa nyama na bluu kwa maziwa. Kitunguu na vitu vikali vina hukumu yake: kitunguu kilichokatwa kwa kisu cha nyama huhesabiwa kimefyonza ladha ya nyama, hivyo hakiingii kwenye sosi ya maziwa hata kisu kikiwa kimeoshwa.

Ajali ikitokea, maziwa yakadondoka kwenye sufuria ya nyama, usikoroge. Zima, pima kiasi, muulize rabi. Kipimo cha msingi ni moja kwa 60: kijiko cha mililita 15 huhitaji angalau mililita 900 za chakula ili kimezwe. Hukumu hii ni ya ajali tu; kumwaga kwa makusudi ukitegemea 60 hakuruhusiwi. Na mdudu mzima hamezwi na kipimo hicho hata kwenye pipa.

Mboga, mchele na wadudu

Kila mmea ni kosheri, lakini mdudu aliye juu yake si kosheri, na kwa idadi ya makatazo kumla mdudu kunazidi kula nguruwe. Mchicha, sukuma wiki, kabichi na saladi hutenganishwa jani kwa jani, huloweshwa kwenye maji yenye sabuni kidogo ya vyombo au siki, husuguliwa, husuuzwa, kisha kila jani huinuliwa kwenye mwanga pande zote mbili. Ukikuta wadudu kwenye majani kadhaa, rudia au acha. Maua ya brokoli na koliflawa husumbua hata wazoefu.

Mchele kwetu si taabu: upepete kwenye ungo, uchambue, tazama fukusi. Unga uchekeche kwa chekecheo chenye matundu madogo. Tende ipasue, uangalie ndani. Kuiosha nje hakusaidii.

Vyombo: kinachosafishika na kisichosafishika

Kanuni ni moja: chombo hutoa ladha kwa namna kilivyoifyonza. Sufuria iliyochemsha hutolewa ladha hiyo kwa kuchemshwa. Waya na kikaango vilivyokutana na moto mkavu hutolewa ladha kwa moto. Chungu hakitoki ladha. Walawi 6:28 inaamuru chombo cha udongo kivunjwe, na hukumu hiyo imebaki kwa vyungu na vyombo vya kauri. Mwiko wa zamani wenye nyufa usiuhangaikie, mpya ni bei ndogo.

Sufuria ya chuma cha pua hufanywa hivi. Isugue hadi pasiwe na masizi, kutu wala grisi kwenye maungio ya mkono. Uchafu ulionasa hubatilisha kazi nzima. Ikae saa 24 bila kutumika. Ijaze maji hadi ukingoni, ichemke hasa, kisha tumbukiza jiwe au chuma cha moto ili maji yafurike na kupita juu ya ukingo. Mwishoni isuuze kwa maji baridi. Vijiko huzamishwa katika sufuria kubwa inayochemka, vichache kwa wakati, maji yaguse kila upande. Waya wa kuchomea huwekwa motoni hadi uive mwekundu. Vikaango vyenye utando wa kutoshika marabi wengi hawavipitishi.

Myahudi akinunua chombo kipya cha chuma au glasi kutoka kwa asiye Myahudi, hukizamisha kwenye mikve, bwawa la utakaso, kabla ya kukitumia, na bahari pia huhesabiwa kuwa mikve. Bandua lebo na gundi kwanza, ukishike kwa kulegeza ili maji yaguse kote. Chombo ambacho ni mali ya hoteli hakihitaji hilo.

Mkono: moto, mvinyo, jibini

Chakula kisicholiwa kibichi na chenye hadhi ya kuwekwa mezani kwa mkubwa lazima Myahudi ashiriki kukipika. Wali, nyama, samaki na yai la kuchemsha vimo. Kwa Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, inatosha Myahudi awashe moto; Wasefaradi, wenye asili ya Hispania na nchi za Kiarabu, hutaka aweke pia chungu jikoni. Kwa hiyo mwachie mgeni awashe jiko, aweke sufuria, kisha endelea. Ni jambo la dakika moja linalookoa mlo mzima.

Mvinyo, juisi ya zabibu na siki ya zabibu lazima vishughulikiwe na Wayahudi wanaoshika Sabato tangu kukamuliwa hadi kufungwa. Mvinyo uliopikwa, wenye neno mevushal kwenye lebo, mhudumu yeyote anaweza kuumimina. Usiokuwa hivyo, mwachie mgeni amimine mwenyewe. Jibini hutaka usimamizi kwa sababu ya kigandisho kinachoweza kutoka tumboni mwa ndama.

Kusoma chapa

Bidhaa ya kiwandani huaminiwa kwa heksheri, alama ya shirika linalotuma msimamizi, mashgia, kukagua malighafi na mitambo. Herufi U ndani ya duara ni ya Orthodox Union ya Marekani. KLBD ni ya London. Zipo pia OK, Kof-K na Star-K. Herufi D pembeni ni maziwa. Herufi P ni mtego: haimaanishi pareve, ni Pasaka. Pareve huandikwa neno zima. Herufi K peke yake haina mwenyewe kisheria, yeyote anaweza kuichapa, kwa hiyo isikutosheleze.

Cheti ni cha bidhaa fulani kutoka kiwanda fulani kwa muda fulani. Anayeuza chai, korosho au viungo nje aangalie tarehe, na asibadili muuzaji wa mafuta au ladha bila kutoa taarifa.

Visivyohitaji alama kwa kawaida ni matunda na mboga mbichi, mayai, mchele mkavu, sukari, chumvi, asali halisi, chai na kahawa zisizo na ladha ya kuongezwa. Mafuta ya kupikia yanahitaji.

Wakati wa Pasaka ya Kiyahudi, siku 8 nje ya Israeli, ngano, shayiri na ndugu zao zikichachuka hazikai hata nyumbani. Waashkenazi huongeza mchele, mahindi na kunde, kwa hiyo ugali haupo mezani mwao wiki hiyo; Wasefaradi wengi hula mchele.

Mgeni akifika

Tangu Septemba 2020, idara ya utalii ya Abu Dhabi ilipozitaka hoteli ziandae chakula cha kosheri, wapishi wengi wa kwetu walioko Ghuba wamekutana na swali hili kazini. Huhitaji kugeuza jiko zima. Muulize kwanza anashika kiwango gani, kisha mpe nafasi aamue. Usiandike "kosheri" kwenye menyu kama hakuna mashgia, andika kilichomo.

Kifungua kinywa kinachokubalika kwa wengi ni matunda mazima, kisu kipya, sahani za kutupa, dafu, kahawa nyeusi, na mayai aliyoyawashia moto mwenyewe kwenye sufuria mpya. Chakula cha mchana: changu mzima mwenye magamba, akwanguliwe mbele yake, apakwe ndimu, chumvi na kitunguu saumu kilichokatwa kwa kisu kipya, afungwe kwa karatasi mbili za foili, mgeni awashe oveni. Pilau nayo huwezekana nyama ya kosheri ikipatikana: mafuta yenye heksheri badala ya samli, viungo vizima, sufuria mpya, kachumbari bila mtindi, na mkono wake kwenye kiberiti.

Ijumaa kila kitu kiwe tayari kabla jua halijazama, kwani hadi Jumamosi usiku hapiki wala hawashi, na hatakuomba umpikie.

Chakula kilichotumwa kikiwa kimefungwa huwa na vifungio viwili. Kipashe moto kama kilivyo, usitoboe wala usichungulie, hata kikivimba. Kipeleke mezani na uma wa plastiki ulio ndani ya karatasi yake, umwachie mgeni akate kifungio kwa mkono wake.